Hewa Ikizidi Huumiza Mapafu ya Mtoto Mchanga

Mtoto akizaliwa bila kupumua, mkunga anapaswa kuanza kumsaidia ndani ya dakika ya kwanza kwa mfuko wa kupulizia hewa wenye barakoa. Mtoto wa kilo 3 huhitaji takriban mililita 12 hadi 18 tu kwa kila pumzi, ilhali mfuko wa mtu mzima hubeba zaidi ya lita moja. Ukibinywa kwa nguvu, vifuko vya hewa mapafuni huweza kupasuka. Hewa huvujia kifuani na kulibana pafu. Ndiyo sababu hutumiwa mfuko mdogo wenye vali ya kupunguza shinikizo, nao hubinywa kiasi cha kuinua kifua tu. Akina mama wajawazito wanahimizwa kujifungulia katika vituo vya afya, kwenye vifaa hivi na wahudumu waliofunzwa kuvitumia.