Kuisaka Salfa Kati ya Nyota

Hidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama mayai viza, hutoka pamoja na mvuke wa visima vya jotoardhi vya Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha. Gesi hiyo hiyo imo katika mawingu makubwa yaliyo kati ya nyota. Huko haifikiki kwa chombo chochote. Hutambuliwa kwa mawimbi ya redio inayoyatoa.

Molekuli iliyo katika hali ya gesi huzunguka kama pia, lakini kwa viwango maalumu tu. Ikishuka kutoka kiwango kimoja hadi kilicho chini yake, hutoa wimbi lenye masafa yasiyobadilika. Wataalamu huyapima masafa hayo maabarani, kisha huyatafuta angani. Kundi la Arno Penzias, huko Marekani, liliinasa kaboni monosalfaidi mwaka 1971 karibu na gigahezi 147. Ndiyo molekuli ya kwanza yenye salfa kuonekana kati ya nyota. Hidrojeni salfaidi ilifuata 1972, karibu na gigahezi 169. Mawimbi haya yana urefu wa milimita 2 hivi, na unyevu wa hewa huyameza upesi. Ndiyo maana darubini za ALMA zimewekwa kwenye jangwa la Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari.

Dishi la mawasiliano ya satelaiti lililoko Longonot, ambalo limependekezwa kugeuzwa darubini ya redio, liliundwa kwa mawimbi marefu zaidi, ya sentimita kadhaa. Hata hayo yana salfa yake: thioformaldehidi iligunduliwa 1973 kwa darubini ya Parkes, Australia, karibu na gigahezi 3.1.

Fumbo kubwa ni hesabu. Katika ulimwengu kuna takriban atomi moja ya salfa kwa kila atomi 75,000 za hidrojeni. Lakini ndani ya mawingu mazito na baridi, molekuli zote za salfa zinazoonekana katika gesi hazifikii hata sehemu moja kwa mia ya kiasi hicho. Inaelekea salfa iliyobaki imegandia kwenye chembe za vumbi. Dalili nzuri ilipatikana kwenye nyotamkia iitwayo 67P, ambayo barafu yake inadhaniwa kutokana na wingu la aina hiyo: huko chombo cha angani Rosetta kilikuta hidrojeni salfaidi kwa wingi kati ya 2014 na 2016. Katika barafu ya mawingu yenyewe molekuli hiyo bado haijathibitishwa, na darubini ya James Webb inaendelea kuitafuta.