Twaijua Kahawa, Hatumjui Mkulima

Nilipokuwa mtoto wa chuo kule Msambweni, sauti niliyoitambua upesi baada ya ile ya mwalimu ilikuwa mlio wa vikombe vya muuza kahawa. Alivigonganisha kiganjani, nasi tukajua masomo ya alasiri yamekaribia kwisha. Mwalimu akifunga msahafu, akipokea kikombe chake, akinywa kahawa chungu kwa tende moja. Kwetu watu wa Pwani, kahawa ndiyo baraza yenyewe. Mbele ya dele husuluhishwa ugomvi, hupangwa posa, na mashairi hupimwa mizani.

Lakini, msomaji mpenzi, mti wenyewe sikuuona mpaka nilipokuwa mtu mzima. Kahawa ya Kenya hupenda ubaridi wa nyanda za juu, mita 1,400 na zaidi. Milima yetu ya Shimba haifiki hata mita 500.

Juzi alifika barazani kwetu mzee mmoja wa Kirinyaga, aliyekuja kumtazama mwanawe afanyaye kazi hotelini Diani. Tukamkaribisha kikombe. Akaonja, akakunja uso, kisha akacheka.

"Nimelima kahawa miaka arobaini," akasema, "lakini kwetu tunalima kahawa na kunywa chai."

"Basi, mzee wetu, kahawa yenu huenda wapi?" nikamwuliza.

Akatueleza. Matunda mekundu huchumwa kwa mkono, moja moja, na siku hiyo hiyo yakafikishwa kwenye kiwanda cha chama cha ushirika. Huko humenywa, huvundikwa, huoshwa na kuanikwa. Kilo saba hivi za matunda hutoa kilo moja tu ya kahawa safi, nayo karibu yote huvuka bahari. Malipo humfikia mkulima baada ya miezi. Matunda yaliyokaukia mtini huanikwa pamoja na maganda, na bei yake ni ya chini.

"Hayo twayaita mbuni," akasema.

Hapo nikatabasamu. Neno hilo ni letu! Waarabu husema bunn, nasi tukasema buni, na mti wake mbuni. Jina lilipanda bara kutoka Pwani, likaishia kuwa la kahawa duni. Hata miche ilipita kwetu: mapadri wa Kifaransa waliipanda Bura, Taita, mwaka 1893. Kisha walowezi wakaifanya mali yao, na Mwafrika akazuiwa kuilima mpaka miaka ya 1930, waliporuhusiwa wachache wa Meru, Embu na Kisii. Ruhusa haikuenea sana ila baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954.

Haki iliyopatikana kwa taabu hiyo sasa yaponyoka. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna karibu tani 130,000. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko yakavunjika, bei ikaanguka, na miaka ya karibuni mavuno yamekuwa kama tani 50,000 au pungufu. Mgeni wetu naye alikuwa na mashina mia sita. Amebakiwa na mia mbili.

"Mwanangu ameona ni afadhali abebe mizigo ya watalii," akasema, akiinamia kikombe.

Baraza likanyamaza. Sisi ambao muuza kahawa akiongeza shilingi chache tu humpigia kelele, hatukuwa na la kujibu. Muuzaji akamjazia mgeni kikombe cha pili, akakataa fedha. Usiku ule nikaandika beti hili:

Kahawa ni yetu sote, wa pwani na wa milima,
Mnywaji asilifute, jasho la aliyelima,
Haki yake aipate, kwa kipimo kilo chema,
Asije shina akate, tukabaki kuegama.