Maumivu Chini ya Kitovu

Somo la leo ni la mambo ya ndani ya nyumba, kwa hiyo watoto waende nje kucheza kwanza. Baba asiondoke, somo hili ni lake pia.

Tuseme mama mmoja anaumwa chini ya kitovu, na miezi inapita. Akikutana na mumewe anaumia sana, pengine na damu humtoka baadaye. Mume huanza kushuku kuwa mkewe ametoka nje ya ndoa. Mama mkwe husema amerogwa. Mara nyingi wote wawili wamekosea.

Sababu moja ni kichocho. Watu hudhani ni ugonjwa wa wavulana wanaokojoa damu, lakini wanawake nao huupata. Kijidudu hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu anayechota maji, anayefua nguo au kulima mpunga. Mwilini hukua kuwa mnyoo, hutaga mayai. Mengine hutoka na mkojo. Mengine hunasa ukeni na katika mlango wa kizazi, yakaleta vidonda na vivimbe vidogo kama chembe za mchanga. Hapo ndipo maumivu hutoka, na pengine hata utasa.

Mtasema, sisi tunakaa milimani, kichocho kinatuhusu nini? Tangu zamani Waha wamekwenda kazi za mkonge Tanga, na siku hizi wengi huenda Mwanza na Geita. Minyoo hii huishi mwilini miaka mingi. Mtu hurudi nayo nyumbani.

Katika wilaya ya Mwanga, mkoa wa Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kichocho cha mlango wa kizazi hata kwa wanawake ambao mkojo wao haukuonyesha yai hata moja. Basi kupima mkojo peke yake hakutoshi. Mganga lazima atazame ndani. Waganga wengi hawakufundishwa jambo hili, ndiyo sababu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha picha cha kuwaongoza.

Dawa ni vidonge vya prazikwanteli, navyo huua minyoo. Makovu ya zamani hayaondoki upesi, kwa hiyo heri kutibiwa mapema.

Si kila maumivu ni kichocho. Kisonono, majeraha ya uzazi na saratani ya mlango wa kizazi pia huumiza. Damu baada ya tendo la ndoa isingoje; mama aende hospitali Kasulu, na amwambie mganga wazi maji gani amewahi kuyaingia, na wapi.

Kabla ya somo lijalo, kikundi chenu kijadiliane: mume afanye nini siku mkewe anapomwambia kwamba anaumia?