Kutoka Pepo za Msimu hadi Ziwa Kivu: Njia Iliyokileta Kiswahili Bukavu

Utangulizi

Mwanafunzi wa Bukavu anapofungua kitabu cha historia ya Kiswahili hukutana kwanza na majina ya mbali: Lamu, Mombasa, Kilwa, Unguja. Huambiwa kwamba jina la lugha hii latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Kisha hutazama nje ya darasa, akaona milima, na ziwa lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Si ajabu basi akijiuliza kama lugha anayoitumia sokoni na nyumbani ni mali yake au ni kitu cha kuazima. Makala hii yakusudia kulijibu swali hilo kwa kuifuata njia ambayo Kiswahili kiliipita, na kuonyesha jinsi maumbile ya nchi na biashara ya bahari yalivyochangia kuamua kifike wapi, lini, na kwa sura gani.

Bahari na pepo zake

Ustaarabu wa pwani ulijengwa juu ya pepo mbili. Kaskazi, ambayo huvuma takriban Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi, ambayo huvuma tangu Aprili, iliyarudisha. Baharia aliyefika hakuweza kuondoka siku aitakayo, bali alilazimika kuungoja upepo kwa miezi. Katika kungoja huko alipanga nyumba, alioa, alisali pamoja na wenyeji na kujifunza lugha yao. Lugha hiyo ilikuwa ya Kibantu tangu asili. Bahari iliiongezea msamiati, lakini haikubadili uti wake wa mgongo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta mji wa Kiislamu uliotajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala.

Hata hivyo, upepo una mpaka wake. Jahazi halipandi nyika. Nyuma ya pwani kulikuwa na maeneo makavu, na hapakuwa na mto wa kuchukua vyombo hadi kwenye maziwa makuu. Kwa hiyo, kwa karne nyingi Kiswahili kilibaki katika ukanda mwembamba wa pwani na visiwa, na bidhaa za bara ziliteremshwa na watu wa bara wenyewe, kama vile Wayao na Wanyamwezi.

Misafara ya karne ya 19

Mambo yalibadilika pale Seyyid Said wa Oman alipoyahamishia makao yake Unguja, kabla ya kati ya karne ya 19. Pembe za ndovu zilitakiwa sana Bara Hindi, Ulaya na Marekani, na mashamba ya karafuu yalihitaji watumwa. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani ulifungua mlango kwa kitambaa cha pamba kilichofumwa huko, nacho kikaitwa merikani. Kikawa kama fedha katika njia zote za misafara. Ndipo njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipopata nguvu. Burton na Speke walipofika Ujiji mnamo Februari 1858, wafanyabiashara wa pwani walikwisha kutangulia.

Ziwa Tanganyika, ambalo lingeweza kuwa kizuizi, liligeuka kuwa bahari ya pili. Mitumbwi na madau yalivuka hadi ng'ambo ya magharibi, na misafara ikaendelea mpaka Maniema, ambako miji ya Nyangwe na Kasongo ilistawi karibu na mto Lualaba. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambaye baadaye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, aliifanya Kasongo kuwa moja ya ngome zake. Watu wa huko waliojiunga na misafara walijiita waungwana, yaani watu huru na wastaarabu, na usemi wao ukaitwa Kingwana. Lakini jina hilo la heshima halipaswi kufunika yaliyotendeka. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alishuhudia sokoni Nyangwe watu wa misafara wakiwafyatulia risasi wachuuzi, wengi wao wanawake, na mamia wakafa. Lugha ilisafiri pamoja na bunduki na minyororo. Mwalimu anayeifundisha historia yake hana budi kulisema hilo.

Kwa nini Bukavu ilichelewa

Ikiwa misafara ilifika Uvira, kwa nini haukujengwa mji kama Kasongo katika nchi ya Bushi? Sehemu kubwa ya jibu imo katika mto Ruzizi. Mto huo hutoka Ziwa Kivu na kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika, lililo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika safari isiyozidi sana kilomita 100 maji huteremka karibu mita 700, yakipita mabondeni na kwenye maporomoko. Hakuna chombo kiwezacho kuupanda. Hata samaki walishindwa: dagaa wa Tanganyika, ambao Bukavu huitwa sambaza, hawakuwamo Ziwa Kivu hadi walipopandikizwa na binadamu mwishoni mwa miaka ya 1950. Tena milima ya Kivu ilikuwa na wakazi wengi na tawala imara za bami.

Von Götzen, Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Kivu, alifika mwaka 1894. Wakati huohuo vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara wa pwani vilikuwa vimeuvunja utawala wao katika Maniema. Hivyo Kiswahili hakikuingia Bukavu na msafara wa pembe. Kiliingia baada yake, kwa vinywa vya askari, wapagazi, makarani na wamisionari, ambao wengi wao walikuwa wamekipata Maniema au kandokando ya Tanganyika. Mji ulipokua, ukaitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, na kuwa makao makuu ya mkoa uliojumuisha Kivu na Maniema. Mkoa huo uligawanywa mwaka 1988. Bashi, Bahavu, Bafuliiru, Barega na Babembe walipokutana kazini na sokoni, walihitaji lugha moja isiyokuwa ya kabila lolote kati yao.

Sura ya Kiswahili cha Bukavu

Historia hiyo yaonekana katika lugha yenyewe. Msemaji wa Bukavu husema batu mahali pa watu, kwa kuwa ba- ndicho kiambishi cha lugha za jirani. Husema katoto kadogo, na kwa wingi tutoto, akitumia ngeli ambayo Kiswahili sanifu hakina lakini Mashi inayo. Dola huitwa leta, kutokana na Kifaransa. Hayo si makosa yanayotokea ovyo ovyo, bali ni kanuni zinazofuatwa na wasemaji wote, nazo zinaeleza ni nani waliokipokea Kiswahili, na kwa njia gani.

Hitimisho

Kongo ina pwani moja tu, nayo iko Atlantiki. Lakini kwa mstari ulionyooka Bukavu iko kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam, na zaidi ya 1,800 kutoka Banana. Bidhaa nyingi zinazouzwa katika soko la Kadutu bado hutoka upande wa Bahari ya Hindi, na kuingia kwa Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kumeutambua rasmi uhusiano ambao pepo na misafara iliuanzisha zamani.

Ndiyo maana suala la ufundishaji si dogo. Mwanafunzi anahitaji Kiswahili sanifu ili asome, aandike na kusikilizana na wenzake wa Tanzania na Kenya. Lakini mwalimu anayefuta batu kwa wino mwekundu na kusema tu kwamba lugha imeharibika, anamfundisha mtoto kuwaonea haya wazazi wake, na pia anafundisha historia isiyo ya kweli. Afadhali aeleze kwamba pwani ilipata Kiswahili chake kwa kungoja pepo, na Bukavu ikapata chake kwa kupanda mlima. Anayejua njia zote mbili atajifunza sanifu bila kudhani kwamba ameingia nyumba ya wenyewe.