Kuumwa si kutapika: maneno ya Kiingereza yanayohusu kichefuchefu

Miaka miwili iliyopita nilivuka mpaka wa Kasumbalesa pamoja na mama mdogo, ambaye hufanya biashara ya unga. Alikuwa na malaria. Siku ya tatu, asubuhi, alimeza kwinini bila kula kitu, na kabla ya saa sita mchana moyo ulikuwa umeanza kumchafuka. Nikampeleka katika zahanati moja upande wa Zambia. Kwa kuwa huko Kiingereza ndicho lugha ya kazi hospitalini, mimi mwanafunzi wa lugha nikawa mkalimani.

Muuguzi aliuliza: «Has she been sick?» Nikajibu kwa kujiamini: ndiyo, siku tatu. Akaandika, akatoka, akarudi na chupa ya serumu. Mama mdogo akanigeukia: «Ile mayi ni ya nini? Nani alitapika hapa?»

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Muuguzi hakukosea, na kamusi niliyokuwa nayo kichwani haikusema uongo. Tatizo ni kwamba neno «sick» lina kazi mbili, nami nilifundishwa moja tu.

Tuanze na neno hilo. «Sick» ni neno la kale katika Kiingereza, na maana yake ya awali ni kuumwa kwa jumla. Marekani imebaki na maana hiyo: anayesema «I was sick yesterday» ametuambia tu kwamba jana alikuwa mgonjwa. Uingereza, kwa ugonjwa wa jumla, watu hupenda zaidi «ill», neno lililotoka katika lugha ya watu wa Skandinavia. Huko «sick» imeelekea tumboni: «to feel sick» ni kusikia kichefuchefu, na «to be sick» mara nyingi ni kutapika kwenyewe. Kiingereza cha Zambia kilirithi mengi kutoka Uingereza. Kwa hiyo muuguzi aliuliza kama mgonjwa ametapika, nami nikamjibu kwamba ametapika siku tatu. Mtu aliyetapika siku tatu amepoteza maji mengi. Serumu ilikuwa uamuzi wa busara juu ya habari ya uongo.

Mmarekani anayetaka kutaja tumbo huliongeza waziwazi: «sick to my stomach». Hapa kuna jambo la kupendeza kwetu tunaolinganisha lugha. Kiingereza huweka kichefuchefu tumboni. Kifaransa husema «avoir mal au cœur», na Kiswahili husema moyo unachafuka: lugha zote mbili huweka hali hiyo moyoni. Kama ningetafsiri maneno ya mama mdogo neno kwa neno, nikasema moyo wake una shida, labda tungepelekwa kupimwa mapigo ya moyo.

Neno la pili ni «nauseous», ambalo limezua ubishi mrefu. Asili yake ni neno la Kigiriki la meli, «naus», lililopitia Kilatini. Kichefuchefu cha kwanza katika neno hili ni cha baharini. Kitabu cha Strunk na White, «The Elements of Style», kinawaonya waandishi kwamba «nauseous» ni kitu kinachochefua, na kwamba mtu aliyechefuka aitwe «nauseated». Kwa kanuni hiyo, anayesema «I feel nauseous» anajitangaza kuwa yeye ndiye anayewachefua wengine. Lakini leo watu wengi husema «I feel nauseous» bila kosa lolote masikioni mwa wasikilizaji wao. Kwa kile kinachochefua, wengi sasa hutumia «nauseating».

Kwa nini ubishi huo ulizuka? Nadhani jibu liko katika umbo la neno. Kiambishi «-ous» hakisemi nani anatenda na nani anapatwa. «Poisonous» ni chenye sumu, kinachodhuru wengine. «Furious» ni mwenye hasira, aliyepatwa nayo. Viambishi «-ing» na «-ed» ndivyo vinavyotenganisha pande mbili. Kiswahili hufanya kazi hiyo ndani ya kitenzi: harufu inachefua, mtu anachefuka, uchafu unachukiza, mtu anauchukia. Anayezungumza Kiswahili ana mizani hiyo tayari. Akiambiwa kwamba «nauseating» huenda pamoja na kuchefua na «nauseated» pamoja na kuchefuka, hahitaji kukariri zaidi.

Yapo pia maneno mepesi zaidi. «Queasy» ni kichefuchefu kidogo, cha mtu aliyekaa kiti cha nyuma katika barabara yenye kona nyingi. Neno hilo huvuka kutoka mwilini hadi dhamirini: «I feel queasy about it» ni kusema kwamba jambo hilo halinikai vizuri, hata kama siwezi kulikataa waziwazi. «Uneasy» haina tumbo kabisa. Ni wasiwasi, kukosa utulivu. «Squeamish» si hali ya leo bali ni tabia: mtu asiyeweza kutazama damu, au mwepesi wa kuona kinyaa. Na «unwell» ni neno la adabu linaloficha yote. Lafaa katika barua ya kuomba ruhusa, lakini halimsaidii daktari.

Katika madarasa yetu tumezoea orodha za safu mbili: neno huku, maana yake kule. «Sick», «malade», mgonjwa. Orodha hiyo inatosha kwa mtihani. Kwa mkalimani haitoshi, maana kitandani kuna mtu. Ushauri wangu kwa wenzangu ni huu: mbele ya mgonjwa, acheni maneno yenye sura mbili. Ulizeni na kujibu kwa «vomit», neno lisilo na adabu nyingi lakini lisilo na shaka. Semeni ni mara ngapi, tangu saa ngapi, baada ya kumeza nini. Na swali likiwa na maana mbili, si aibu kumrudishia aliyeuliza: unamaanisha ametapika, au anaumwa?

Siku ile tulisahihisha karatasi, serumu ikaondolewa kabla sindano haijaingia, na mama mdogo akapewa chai na mkate kwanza, kisha dawa. Hadi leo, mtu akinisifu mbele yake kwa masomo yangu, huuliza kwa upole kama nimeshafika kwenye somo la kutapika.