Fomula za Ruwaza na Wingi wa Nomino za Kijaluo

Fomula ya ruwaza ni kauli fupi ielezayo kundi zima la mifuatano kwa njia tatu tu: kufuatanisha, kuchagua na kurudia. Wengi huijua kama chombo cha kutafutia herufi katika matini ya kompyuta. Hata hivyo S. C. Kleene, aliyeiasisi katika kazi iliyochapishwa mwaka 1956, hakushughulika na herufi bali na mitandao ya neva. Fomula hudai jambo moja tu: kila kipashio kiweze kupimwa kama kinafaa au hakifai.

Faida yake huonekana katika Kijaluo, lugha isemwayo Kisumu na kandokando ya Ziwa Viktoria. Othografia yake ina herufi 5 kwa irabu zisizopungua 9, na toni haiandikwi. Zaidi ya hayo, atafutaye *t* hupata pia *th*, ambayo ni konsonanti nyingine kabisa. Tazama sasa wingi: *got* (mlima), *gode*; *luth* (fimbo), *ludhe*; lakini *chogo* (mfupa), *choke*; *puodho* (shamba), *puothe*. Sauti sighuna hugeuka ghuna, na ghuna hugeuka sighuna. Fomula ya herufi italazimika kuorodhesha *t* na *d*, *th* na *dh*, *k* na *g*, kila jozi mara mbili, na bado haitakuwa imesema lolote juu ya kanuni yenyewe.

Alama za fomula zikiwa jozi za sifa bainifu, upande mmoja umoja na wa pili wingi, kauli moja yatosha: jozi zozote, zikirudiwa, kisha ama sighuna kwa ghuna ama ghuna kwa sighuna, mahali pa kutamkia pakiwa palepale, kisha irabu au pengo, mkabala na *e*. Kwamba kanuni za fonolojia zaweza kushughulikiwa na mashine sahili za namna hii, C. Douglas Johnson alikwisha kuonyesha mwaka 1972, ingawa wanaisimu wachache walimsikiliza.

*Kom* (kiti), wingi *kombe*, yadai tawi jingine, pengo likikabiliana na *b*. Hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni data: mashine haiwezi kurejesha toni ambayo mwandishi hakuiandika. Kabla ya fomula yoyote ya toni kufanya kazi, sharti msemaji wa Kijaluo asikilize kila neno na kulitia alama, na kamusi itakayotungwa kwa herufi tupu itaipoteza kazi hiyo tangu ukurasa wa kwanza.