Jeraniamu za mbegu

Jeraniamu nyekundu zinazopamba roshani za Ulaya na Marekani asili yake ni Afrika Kusini. Kwa muda mrefu wakulima wa Ulaya na Marekani walizizalisha kwa vipandikizi: unakata tawi, unalichomeka mchangani, linatoa mizizi. Mbegu hawakuziamini, kwa kuwa ziliota kwa kusuasua na miche ikatoka kila mmoja na rangi yake. Ni katika miaka ya 1960 ndipo watafiti wa chuo kikuu cha Penn State, Richard Craig akiwa mmoja wao, walipotoa 'Nittany Lion Red', aina ambayo miche yake ya mbegu ilifanana.

Shida kubwa ilikuwa ganda. Mbegu ya jeraniamu ina ganda gumu lisilopitisha maji, na bila maji kiini hakiamki. Mbegu za pakiti siku hizi zinauzwa zikiwa zimeshakwaruzwa. Ukivuna zako, zisugue taratibu kwa msasa laini, ila usishangae mtoto asipofanana na mama, maana jeraniamu nyingi za dukani ni chotara.

Huko Pennsylvania, jimbo la Marekani kilipo chuo hicho, watu husia mbegu hizi ndani ya nyumba kati ya Januari na Februari, theluji ikiwa bado nje. Jeraniamu huchukua miezi mitatu hadi minne, pengine zaidi, kutoka mbegu hadi ua, nayo haivumilii baridi kali ya usiku ambayo huko huisha mwezi Mei. Mbegu hufukiwa kidogo tu, kama milimita 3, kwenye udongo mwepesi wenye joto la nyuzi 21 hadi 24. Nyingi huchomoza ndani ya wiki moja au mbili.

Kuota si kazi. Kazi huanza baada ya hapo, kwa sababu mche hautaki tena lile joto lililoiotesha mbegu. Unataka ubaridi kiasi, nyuzi 18 hivi, na mwanga mwingi. Sehemu kubwa ya Januari mchana huko haufiki urefu wa saa 10, tena jua lenyewe ni hafifu. Mche wa dirishani hurefuka, ukawa mwembamba na kuanguka. Kwa maoni yangu, asiye na taa asijisumbue. Anunue miche Mei. Taa za tyubu za kawaida zinatosha, zikining'inizwa sentimita 10 juu ya majani na kuwashwa saa 14 hadi 16 kwa siku. Kama uliifunika trei kwa plastiki, iondoe mara miche inapochomoza na umwagilie asubuhi, la sivyo kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaoangusha miche michanga, kitaimaliza trei nzima kwa usiku mmoja.

Kwa nini basi mtu ahangaike hivi, na vipandikizi vipo? Jibu moja linapitia Kenya. Mwaka 2003 Marekani iligundua bakteria wa Ralstonia kwenye jeraniamu zilizotokana na vipandikizi vya huko, na mimea mingi ikateketezwa. Jeraniamu yenyewe haikuwa hoja kubwa. Aina ile ya bakteria ndiyo huleta mnyauko wa viazi, ugonjwa ambao wakulima wa nyanda za juu za Afrika Mashariki wanaujua vizuri kupita ambavyo wangependa, na Wamarekani waliogopea mashamba yao. Kipandikizi ni kipande cha mama, hivyo huja na maradhi yake. Mche wa mbegu kwa kawaida hauna urithi huo, ingawa udongo mchafu au kisu kisichooshwa vinaweza kuuambukiza baadaye.

Jeraniamu za mbegu zina kasoro zake. Nyingi zina maua ya petali chache, na petali hupukutika upesi, hasa zikipata gesi ya ethilini, ambayo matunda yanayoiva huitoa kwa wingi. Kwa hiyo chungu cha jeraniamu iliyochanua kisikae meza moja na chane la ndizi mbivu.